Siku Kumi na Tatu Ng'ambo ya Geti

Tunduma, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Yunisi,

Mwaka ule wa korona nilipoteza vitu viwili Nakonde: meza yangu ya mchele sokoni, na siku kumi na tatu zako. Mpaka wa Zambia ulipofungwa sikupoteza hata kimoja. Vyote viwili vilinitoka ulipofunguliwa. Watu wakisimulia habari za korona husimulia kufungwa. Mimi kufungwa nilikuvumilia kama wenzangu. Kufunguliwa ndiko kulikoniumiza, na mpaka leo sijamwambia mtu ukweli wake wote.

Ninakuandikia kwa sababu ya ile fomu ya chuo uliyoniletea jana niweke saini. Penye mtu wa karibu wa kupigiwa simu likitokea jambo, umeandika mama yako mkubwa Fides, na namba yake ya Zambia. Mimi umeniweka chini, kwenye mlipaji wa ada. Nikasaini, nikakurudishia, nikaenda kuwasha jiko. Najua ulidhani nimekasirika. Sikukasirika, mama. Niliogopa kwamba siku zile kumi na tatu hazikuisha, kwamba bado unaishi ng'ambo ya geti na mimi niko huku, miaka sita sasa, tunakula meza moja.

Habari za sanduku sitakuandikia. Wala za kutoazima kandambili za watu, wala za maji ya Dodoma. Shangazi zako wamekujaza hayo tangu Jumapili hadi masikio yamefurika. Mimi nitakuandikia nilipokosea, kwa sababu hapo hakuna mwingine anayepajua.

Nianze Itaka. Babu yako alikuwa na kahawa, na kila msimu karani wa mizani alikuwa akimwandikia pungufu. Nilikuwa darasa la sita. Siku moja nikasimama mbele ya watu wazima nikasema, "Baba, hapo zimekufa kilo nne." Karani akacheka: "Mzee, siku hizi unaleta hakimu wa sketi?" Babu yako akaona aibu, akanifukuza nirudi nyumbani. Lakini karani alipima upya, na zile kilo nne zikafufuka. Toka siku ile nikashika imani moja kuliko zote: anayehesabu haonewi. Kwa imani hiyo niliondoka Itaka na debe moja la maharage, nikafika Tunduma nisimjue mtu, na baada ya miaka minne nilikuwa na meza Nakonde, mchele wangu unasifiwa na wanawake wa Kibemba wanaokuja na vyombo vyao wenyewe. Sikurithi kitu, sikusaidiwa na mume, baba yako unamjua. Nilihesabu tu.

Sasa sikia nilivyoangushwa na hesabu.

Ulikwenda kwa mama mkubwa, Nakonde, siku ya Ijumaa, ulale siku mbili, urudi Jumapili. Kutoka mlango wetu mpaka baraza lake ni hatua mia tisa na arobaini, nimezipima. Jumapili asubuhi tukaambiwa geti limefungwa. Wakasema siku tano. Nikakupigia simu, ukacheka, ukasema mama mkubwa amechinja kuku. Nikaona basi, siku tano ni kuku mmoja na nusu.

Utaniuliza, na njia za panya? Kila mtu wa Tunduma anazo zake. Lakini wiki zile kila uchochoro ulikuwa na mgambo, pande zote mbili. Jirani yetu mmoja alipita, akakamatwa, akafungiwa siku kumi na nne kwenye darasa la shule, watu arobaini na choo kimoja. Alitoka anakohoa kuliko alivyoingia. Nikasema sitaki mtoto wangu apitie huko. Hapo sijutii.

Siku ya kumi na tisa wakatangaza mpaka umefunguliwa. Yunisi, ungeuona mji! Watu walikumbatiana na korona yao. Wanawake tukabeba mizigo kabla ya chai, vitunguu, sabuni, mchele, mabeseni, tukasukumana na mikokoteni mpaka getini. Kufika pale, kumbe yaliyofunguliwa ni malori. Magari ya mizigo yanapita, mtu wa miguu hapiti. Bwana mmoja wa geti, barakoa imemning'inia kidevuni, akatuambia tufuate utaratibu.

"Utaratibu upi?" akauliza Mama Zulfa, yule wa Kondoa aliyekuwa anauza mabeseni. "Wa jana, wa leo asubuhi, au huu wa sasa hivi?"

"Mama, ni kwa usalama wenu."

"Kwa hiyo ugonjwa hauwezi kupanda lori? Unaogopa kimo?"

Watu wakaangua kicheko, halafu kicheko kikageuka kelele. Mwingine akapiga sufuria. "Dereva ana mapafu ya chuma?" "Tufungulieni au tufungieni wote!" Nami nilipiga kelele, nisikufiche. Nilipiga mpaka koo likakauka. Ndipo bibi mmoja aliyevaa nguo za msiba akasimama katikati yetu akasema kwa sauti ndogo, "Mnataka wafungue haraka. Mimi nimemzika mzee wangu juzi, na mazishini nilikuwa na watoto wangu peke yao." Yule mwenye sufuria akaiweka chini. Yeye alikuwa na haki na sisi tulikuwa na haki, na geti lilikuwa moja. Jambo hilo likae nawe: utakutana na siku ambazo wenye haki wawili wanagombana, na anayewatazama ana barakoa kidevuni.

Baada ya vurugu za siku kadhaa wakatulegezea. Watu thelathini kwa siku, wenye mizigo tu, na kila anayevuka anaruhusiwa kurudi na mtu wake mmoja aliyekwama, ilimradi jina la mtu huyo liandikwe getini asubuhi. Filimbi ya mwisho saa tisa alasiri. Atakayekutwa ng'ambo baada ya filimbi, siku kumi na nne darasani. Wanawake wakasema orodha tuishike wenyewe, tusije tukauziwa zamu. Nani ashike daftari? Wote wakanigeukia. Mama yako, mtoto wa mizani.

Nililishika vizuri. Majina mia saba na themanini, yote kwa kura. Siku moja tajiri mwenye duka la jumla alinijia na soda baridi, nikamrudishia na kizibo chake. Jina langu lilitoka siku ya thelathini na mbili tangu uondoke. Asubuhi ile getini nikaandikisha: mchele magunia mawili, mtoto mmoja, Yunisi.

Mpango wangu ulikuwa huu: nipeleke mchele kwanza, nikurudie wewe. Kulikuwa na uvumi kwamba sokoni Nakonde wanaondoa meza ili kuachanisha watu, na meza isiyo na mwenyewe ndiyo inayoondoka kwanza. Nikasema nikionekana pale na magunia mawili, nani atathubutu? Nikapita usawa wa njia ya kwa Fides na mkokoteni, kijana wa Nakonde akiusukuma. Wewe ulikuwa umekaa barazani unachambua mboga. Ukasimama, ukaita, "Mama!" Nikainua mkono, nikasema, "Nakuja!"

Sikusimama, Yunisi. Ilikuwa siku ya thelathini na mbili, nami sikusimama hata kukugusa. Nilihesabu kwamba kusimama kutanila dakika kumi.

Sokoni nikaikuta meza yangu ipo. Wateja wakanijia mbio, wananikaribisha kwa Kibemba, "Bamayo, mwaiseni, mwaiseni!" Furaha ikanipanda. Nikatazama saa ya ukutani kwenye duka la mkabala: saa saba na robo. Nikajiambia, filimbi ni saa tisa, nina saa moja na robo tatu. Nikapima mchele, nikabishana bei, nikataniana na watu.

Wewe umezaliwa hapa, tayari umeshajua kosa langu. Miaka kumi na moja nilivuka lile geti na saa mbili kichwani, ya Tunduma na ya Nakonde, saa yetu imetangulia yao kwa saa nzima. Hata usingizini nisingekosea. Lakini siku thelathini na mbili nilikuwa nimeishi na saa moja tu, na kichwa kikasahau kwamba ziko mbili. Saa saba na robo ya kwao ilikuwa saa nane na robo ya getini. Nilikuwa na dakika arobaini na tano, na arobaini nilizimaliza kwenye mchele.

Msukuma mkokoteni ndiye aliyenishtua. "Mama, mbona wenzako wote wameshavuka?"

Nikakimbia. Nilipofika usawa wa njia ya kwa Fides filimbi ya kwanza ikalia. Yule kijana akanipigia kelele: "Ukikata huko kwa mtoto unalala huku!" Na mimi nikaenda moja kwa moja. Nikapita getini wa mwisho, wakafunga nyuma yangu.

Watu wote, pamoja na mchungaji, niliwaambia nilikimbia kwa sababu ya mdogo wako Joshua, alikuwa na miaka mitatu, nimemwacha kwa jirani. Wakaniambia pole, mama hana jinsi. Leo nakuambia wewe: Joshua angelala kwa jirani, alikuwa amezoea. Sikumkimbilia Joshua. Nilikuwa na hela ya magunia mawili kiunoni, na niliogopa lile darasa. Ni hilo tu. Nikiwa bado nakimbia kichwa changu kilikuwa kinagawanya: mia saba na themanini kwa thelathini, siku ishirini na sita hadi zamu yangu irudi. Ndivyo kilivyo kichwa hiki. Mguu unakukimbia, kichwa kinapiga hesabu.

Jioni ile Mama Zulfa akaja hapa nyumbani. Akaniambia, "Kesho jiandike mwanzo wa orodha. Nani atasema?" Nikakataa. Nikasema watasema mwenye daftari anajipendelea, orodha itavunjika, tajiri atarudi na soda zake. Akaniambia, "Basi chukua zamu yangu." Nikakataa hiyo nayo, eti kura haihamishwi. Nilijiona mtu wa haki sana. Nikapika ugali nikala na haki yangu.

Mama Zulfa hakubishana na mimi tena. Siku ya arobaini na tano zamu yake ikafika. Alikuwa na mama yake mzazi amekwama ng'ambo, amekwenda kwenye msiba, na nilijua kwamba jina la mama yake ndilo atakaloandikisha. Saa nane na nusu, saa yetu, nikiwa getini na daftari, namwona anakuja amekushika mkono. Getini alikuwa ameandikisha Yunisi.

Nikamuuliza, "Na mama?"

Akasema, "Mama ni mtu mzima, ana shoga zake kule, anakula kuliko mimi. Wewe daftari lako halijui kuhesabu mtoto."

Nikalia mbele za watu. Nikapiga magoti nikamwambia asante, akaniinua kwa ukali: "Inuka, unachafua kitenge." Siku kumi na tatu zile zingekuwa ishirini na sita. Aliniokolea nusu. Mama yake alivuka wiki tatu baadaye, na Mama Zulfa hajanikumbusha hata siku moja.

Halafu wewe. Ulinyoosha mkono ukasema, "Shikamoo." Shikamoo ya mgeni, ya mtoto aliyefundishwa vizuri. Ulikuwa na sketi ambayo sikuinunua, na nywele umesukwa kwa mtindo ambao mimi siujui kusuka. Nikaitika marahaba. Usiku ule ulilala na Joshua, sio na mimi. Kila nilipotaka kusema jambo, nilisema, umekula?

Na ile meza? Baada ya wiki mbili waliiondoa. Mita moja moja, wakasema, na wageni watangulie kutoka. Nilikwenda kulalamika mara saba. Mara ya saba wakaniambia ofisi imehama. Hasira hiyo bado ninayo, sitaki kujifanya mtakatifu. Walitufungia kwa tangazo moja, wakatufungulia kwa matangazo tisa yanayopingana, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutuambia pole. Lakini nimejifunza kuitenga hasira ile na kosa langu. Miaka mingi nilizichanganya, nikasema wao ndio walioninyima mtoto. Wao waliniwekea geti. Njia ya kwa Fides niliiacha mwenyewe.

Kwa hiyo ninachokuomba ukikumbuke ni kidogo. Ukipewa zamu na mtu anayekupenda, ipokee. Mimi nilikataa nikadhani ni uadilifu, kumbe ilikuwa kiburi cha mtu aliyezoea kutosaidiwa. Tulipokea kwa wengi, Yunisi. Nikikaa sasa nawahesabu, maana kuacha kuhesabu sitaweza, naona sikujitengeneza peke yangu kama ninavyopenda kujisifu. Kuna yule msukuma mkokoteni aliyenishtua, na hakunidai hata hela ya kusukuma magunia. Kuna wale wanawake mia saba na kitu walioniamini na daftari. Kuna Mama Zulfa.

Na kuna dada yangu Fides. Siku arobaini na tano alikulisha. Mumewe alikuwa hana safari, hata malori yaliporuhusiwa la kwake halikupata mzigo, na wewe hukujua kwamba kuku wale walikuwa wa mbegu. Aliwamaliza. Aliniambia miezi baadaye, tena kwa bahati mbaya, tulipokuwa tunachambua maharage. Nikamshukuru kwa Kibemba, "Natotela, dada, natotela sana." Akanijibu kwa Kinamwanga cha nyumbani kwetu kwamba kuku huzaliwa tena. Aliniambia pia kwamba kila jioni alikuwa anakutoa barazani, anakuonyesha bati letu, lile lenye kiraka cha bluu, anakuambia, mama yuko pale. Mimi nilijiona nimetengwa, kumbe mwenzangu alikuwa ananitunzia jina langu mdomoni mwako.

Ndiyo maana jana nilisaini. Mstari ule Fides ameustahili, na usiufute kunifurahisha. Likikupata jambo, akapigiwa yeye kwanza, atanitafuta kabla hajavaa viatu. Nashukuru kwamba unao mama wawili. Mimi nilikuwa na mmoja, naye alikufa nikiwa mdogo. Nashukuru ulirudi mzima mwaka ambao wengi hawakurudi. Nashukuru kwamba umekuwa mtu anayesema wazi bei ya kitu hata akichekwa, na sijui umelitoa wapi hilo, labda mizanini Itaka.

Ila kuna kitu kimoja ambacho sikijui, na siwezi kukihesabu mpaka unipe namba yake wewe. Fides hakuwa barazani wakati ule, alikuwa ndani. Msukuma mkokoteni alikuwa nyuma yangu. Wewe ndiye pekee unayejua.

Uliniona nikienda. Hilo najua, uliniita. Je, uliniona nikirudi? Uliniona nikikimbia mbele ya njia ile, nikakutazama huko uliko, nikaendelea? Au ulikuwa umeingia ndani, ukaambiwa tu kwamba mama alichelewa?

Kama hukuniona, basi sasa umejua, na umejua kutoka kwangu. Kama uliniona, umebeba jambo hilo tangu una miaka kumi na miwili bila kunitupia siku moja, hata tulipogombana. Kwa hilo sina asante inayotosha, lakini nataka tulibebe wawili, ukiwa Dodoma nami nikiwa hapa.

Basi linaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Barua hii naiweka juu ya begi lako dogo sasa hivi, kabla hujarudi kutoka kuaga kwa akina Mama Zulfa. Jibu lako nalitaka kabla ya saa kumi na moja kamili, hapa nyumbani, kwa mdomo wako, mimi na wewe. Sitaki ujumbe wa simu ukishafika Makambako. Sitaki "tutaongea likizo". Usiniambie yameisha, mama. Sikukuuliza kama yameisha.

Uliniona, au hukuniona?

Mama yako